Njia yetu, mkato wao

Simama Mabatini, hapa Mwanza, kando ya Barabara ya Nyerere saa kumi na mbili na nusu jioni. Foleni ya kwenda Buzuruga na Igoma imeganda, konda ameshuka anatembea mbele ya gari lake kwenda kuchungulia kuna nini huko, na bodaboda mmoja baada ya mwingine wanakata kona kupanda mlimani. Wanaopanda hawaji kwetu. Wanapita kwetu.

Barabara ya mtaa wetu zamani iliishia kwenye jiwe kubwa ambalo watoto walilifanya bembea ya kuteleza. Baadaye jiwe lilipasuliwa, mwinuko mkali ukamwagiwa zege, kipande cha juu kikapata lami, na njia ikaungana na ile ya upande wa pili wa kilima. Tulishangilia, nisidanganye. Leo hii mkutano wa mtaa unakaa mpaka giza linaingia kwa sababu ya barabara ileile. Mwezi uliopita yaliletwa mapendekezo matatu: tuwekewe matuta, au geti liwe linafungwa jioni, au magari yaruhusiwe kupita upande mmoja tu. Watu waligawanyika vibaya. Mimi nilitoka pale nikiona kwamba pande zote zina ukweli wake, ila zote zilibishana juu ya magari, wakati tuliokuja mkutanoni karibu wote tulikuja kwa miguu.

Tuanze na jiografia, maana hiyo haipigiwi kura. Mwanza imebanwa na ziwa huku na miamba kule. Barabara kuu za kuingia mjini zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Kenyatta kutoka Nyegezi na Mkuyuni, Nyerere kutoka Igoma, na ile ya uwanja wa ndege inayopitia Pasiansi na Kirumba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453 katika wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela. Ya 2022 ikakuta 1,104,521. Hao laki nne walioongezeka wengi walikosa tambarare, wakapanda mawe. Malori yamepunguziwa mjini na mchepuko wa Usagara hadi Kisesa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kuvuka ziwa, limefunguliwa, na upande wa kusini hali ni nyingine: kivuko cha pale kilikuwa kinayatema magari kwa mafungu, daraja halina mafungu.

Kwa hiyo dereva anayetafuta mkato hana ubaya. Ukiziba uchochoro mmoja, foleni ya chini inarefuka, na uchochoro wa mtaa wa jirani unapata wageni. Wanaotetea barabara ibaki wazi wanalijua hili, na wana la zaidi. Kuna mama pale kwetu ambaye mimba yake ya kwanza alishushwa mlimani amekalishwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wakipokezana, usiku, mvua inanyesha, ili akapate gari la kwenda hospitali ya Bugando. Mimba ya tatu gari lilifika mlangoni. Mwambie huyo habari za geti. Atakuuliza swali moja tu: ufunguo analala nao nani?

Tena siku hizi gari la taka linafika, boza la maji linafika, na fremu zilizokuwa zimefungwa zina duka la dawa na saluni. Vijana wa kijiweni wanakula kwa barabara hiyo. Kodi za vyumba zimepanda nazo, na hapo mwenye nyumba na mpangaji hawasemi lugha moja.

Sasa wanaolalamika. Tuna bibi anayeuza dagaa na nyanya kwenye meza iliyo hatua mbili kutoka ukingo wa lami. Meza haijahama hata inchi. Barabara ndiyo iliyomfuata. Anasema lori humtisha, lakini anachokiogopa kweli ni pikipiki isiyo na mlio. Bodaboda wengi wakifika kileleni huzima injini kuokoa mafuta, wanaserereka kimya hadi chini. Mtoto aliyezoea kusikia ngurumo ndipo akimbie, hasikii kitu. Wa jirani yangu alivunjwa mguu namna hiyo, saa saba mchana, akiwa na sare ya shule.

Kuna malalamiko mengine ambayo mkutanoni yalipita harakaharaka, na mimi nayaona mazito kuliko yote. Njia ya udongo ilikuwa inakunywa maji kidogo. Zege halinywi. Mvua ikipiga dakika ishirini, maji yanashuka kama yametumwa, na mtaro wa upande mmoja haujafika hata nusu ya mlima. Yanaishia kwa wenzetu wa chini, kuelekea Mto Mirongo, ambao Mabatini wanaufahamu kwa mafuriko kabla hata sisi hatujapata lami. Hao hawakualikwa mkutanoni, si wa mtaa wetu.

Nirudi kwenye mapendekezo. Geti nimeshalisema. Njia ya kwenda upande mmoja inaonekana ya kistaarabu, lakini dereva asiyetarajia mwenzake kutokea mbele hukanyaga mafuta zaidi, na bodaboda atapita upande anaoutaka kama kawaida. Matuta ndiyo yaliyopata makofi. Nami siyapingi, ila nendeni mkatazame tuta la udongo na kifusi ambalo vijana walilijenga wenyewe usiku, bila ruhusa ya mtu, karibu na kioski. Gari dogo linapunguza mwendo, sawa. Lakini tuta lile limeishia nusu mita kabla ya mtaro, na ndani ya wiki moja pikipiki zimechora mstari mweusi kwenye ule upenyo. Pale pale ndipo watoto wanapopita kwenda shule. Tumepunguza kasi ya gari tukahamishia pikipiki kwenye njia ya miguu, au kwenye ile tunayoiita njia ya miguu.

Kuna jambo nililolisema mkutanoni nikazomewa. Kipande cha kati, chenye nyumba nyingi zaidi, bado ni barabara ya mawe, zile tunazozijua Mwanza: mawe yaliyopasuliwa mlimani yakapangwa kwa mkono. Watu wanataka nayo ipigwe lami, maana mawe wanayaona ya daraja la pili. Mimi nasema iachwe. Barabara ya mawe yenyewe ni tuta refu. Hakuna anayeikimbiza, dereva anahurumia shokamzoba zake, na mvua haiibebi. Kelele zake ni kweli, na ikilowa inateleza, mwenye viatu vya soli laini ashike ukuta. Lakini pale kwenye mawe hakuna mtoto aliyegongwa.

Halafu kuna suala la nani tunamlilia. Tunamkaba mwenyekiti wa mtaa kana kwamba ana greda nyumbani kwake. Barabara kama hizi tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na zile kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Tuta, kibao cha kuzuia malori, mtaro wa kufika chini, vyote vinahitaji barua ipite kwa mtendaji, ifike kata, ifike kwa mhandisi. Barua iliyoandikwa “tunaomba matuta” itajibiwa kwa matuta, ikijibiwa. Hakuna aliyependekeza tuombe njia ya waenda kwa miguu na ngazi za mawe kwenye ule mteremko wa mkato. Pale Furahisha mwenda kwa miguu alijengewa daraja zima juu ya barabara ya njia nne. Huku mlimani tunahitaji upana wa watu wawili wanaopishana, mmoja akiwa na ndoo kichwani.

Upana huo upo? Hapo ndipo nilipoona kwa nini hakuna aliyeligusa. Tuliposikia barabara inakuja, wengi wetu tulikimbilia kujenga kuta na vibaraza hadi mdomoni mwa mtaro, tukiwahi kabla mipaka haijapimwa. Njia ya miguu tuliyoikosa iko ndani ya nyua zetu. Mhandisi akija na kamba yake, wa kwanza kupinga hatakuwa dereva wa haisi.

Jumapili niliazima futi kamba kwa fundi, nikapima kuanzia ukingo wa mawe hadi kwenye ukuta wangu, nikalinganisha na kwa jirani ambaye nyumba yake ni ya kabla ya barabara. Nimemzidi sentimita themanini na tano. Mke wangu aliniuliza napima nini, nikamwambia napima mtaro.