Msinitajie joto, nionyesheni mwanga

Kila rekodi ya muungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomu nyepesi ili kupata nishati, ikitangazwa, swali ni lile lile: nishati kiasi gani? Mtambo wa JET, kule Culham nchini Uingereza, ulitoa megajuli 59 mwaka 2021, ukafikisha 69 mwaka 2023. Hongera zao. Mimi hutafuta kwanza spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, ambamo kila elementi huonyesha mistari yake, kwa sababu ndiyo inayotaja nani kaingia bila kualikwa kwenye plazima, ile gesi ya moto mno ambamo viini huungana.

Katikati ya plazima ya nyuzi milioni 100 hakuna kifaa cha kutumbukiza. Kitayeyuka, na chenyewe kigeuke uchafu. Basi unabaki kusoma mwanga. Lakini hapo pana kizungumkuti: kaboni ikishavuliwa elektroni zake zote sita, haina tena mstari wa kutoa. Ipo, ila haionekani. Dawa yake naipenda mno. Hurushwa boriti ya atomu za haidrojeni, kaboni ikapokonya elektroni moja, na papo hapo ikang'aa kijani kwenye nanomita 529. Upana wa mstari huo unakupa joto la ioni (atomu zilizopoteza elektroni), kusogea kwake kunakupa kasi ya plazima, na ung'avu wake unakupa wingi wa kaboni. Yote hayo kwa elektroni moja ya kuibwa!

Tungsteni, metali ngumu kuyeyuka, ndiyo mtihani. Inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, kwa hiyo ukutani inafaa sana. Ikipenya ndani, hata atomu chache tu katika kila laki moja, inamwaga nishati kwa njia ya mnururisho hadi plazima inapoa kuanzia kitovuni. Princeton, Marekani, waliyaona hayo miaka ya 1970 kwenye mtambo wa PLT: katikati pakawa na joto dogo kuliko kando. Watu wakahamia kaboni, nayo ikaja kumeza tritiamu, yaani fueli yenyewe. Sasa tumerudi kule kule: ITER, mtambo wa kimataifa unaojengwa Ufaransa, waliamua ukuta wao uwe wa tungsteni badala ya metali ya berili.

Naunga mkono uamuzi huo, ila una gharama ambayo haisemwi kwa sauti. Tungsteni ina elektroni 74. Ikipoteza thelathini hivi, mistari yake hubanana karibu na nanomita 5 mpaka inakuwa kichuguu kimoja. Kukifumua kunahitaji hesabu za atomu zinazokula miaka, kazi ambayo haipigiwi makofi, na naona tunaipa fungu la kukata tamaa.

Halafu kuna vioo vinavyoakisi mwanga hadi kwenye vifaa vya kupimia. Kioo cha kwanza kinachopokea mwanga kinatazamana na plazima, kwa hiyo hupakwa uchafu ule ule kinaouchunguza. Ung'avu ukishuka, kabla sijafurahi kwamba tungsteni imepungua, nitauliza kioo kilisafishwa lini.