Hatifungani Imenifunga Mimi

Niliapa uraia wa nchi hii Desemba 2024, mwezi mmoja baada ya uchaguzi wa rais kupita. Ndiyo bahati yangu. Hata Tanga daladala nilikuwa naikuta konda keshapiga bati, nakimbia nyuma, naambulia vumbi. Nikasema potelea mbali, miaka minne si mingi, nitasubiri. Suti niliyoazima kwa ajili ya kiapo sikuirudisha, niliitunza kwa ajili ya kura. Kumbe kura yangu ya kwanza Marekani haikuwa ya rais, wala ya gavana. Ilikuwa ya bomba.

Tunaishi Vermont, jimbo dogo huko juu lililopakana na Kanada, katika mji ambao nikiutaja utaniuliza "wapi?", kwa hiyo siutaji. Mwishoni mwa Januari kikaja kijitabu kwa posta. Nafungua ukurasa wa ndani, herufi kubwa nyeusi: ONYO.

Jamani. Mtu aliyelala na karatasi za uhamiaji chini ya mto miaka saba, ukimwandikia neno hilo humwonyi, unamzika. Mama watoto akasoma akiwa begani kwangu, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini, "Umefanya nini?" Nikaanza kupitia dhambi zangu zote: ile faini ya maegesho, lile godoro nililoliegesha barabarani usiku likiwa si langu tena. Kumbe huku Vermont tangazo la mkutano wa mji jina lake la kisheria ndilo hilo, onyo, na linatakiwa kubandikwa siku 30 hadi 40 kabla ya mkutano ili mtu asije akasema hakujua. Wangeliita tangazo, presha yangu ingebaki ilipokuwa.

Ndani ya onyo, chini kabisa: je, wapiga kura mnaridhia mji ukope kwa njia ya hatifungani ili kubadilisha mabomba ya maji? Pesa zenyewe nilihesabu sifuri kwa ncha ya kidole, nikapotea, nikaanza upya. Muda wa kulipa, miaka 30. Kisha sentensi ya mwisho: kura itapigwa kwa njia ya Australia. Australia? Mimi nimehangaika na viza ya Marekani peke yake mpaka nikaota mvi! Ikabidi nimuulize mzee jirani, naye akanieleza kuwa ni kura ya siri tu, ya karatasi iliyochapwa na serikali. Ilianzia makoloni ya Australia mwaka 1856 na jina likaganda. Na ili uandikishwe kupiga kura Vermont kuna kiapo kingine, cha kwamba utapiga kwa dhamiri yako bila kumwogopa wala kumpendelea mtu. Viapo viwili ndani ya miezi mitatu. Kwenye ndoa yangu niliapa kimoja tu na bado kinanitoa jasho.

Hatifungani, kwa msioijua, ni deni lililovaa tai. Mji unatoa karatasi, wenye pesa wanazinunua, mji unachimba mtaro, halafu mimi na wewe tunarudisha mkopo na riba yake mpaka meno yaishe. Waliolibuni neno hili walikuwa wakweli: ni hati, na inafunga.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mama watoto, yuko Tanga, na hatifungani anaijua kwa upande wake mtamu. Februari 2024 mamlaka ya maji ya kwetu, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayotunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Shabaha ni kutoka uzalishaji wa lita milioni 42 kwa siku kufika milioni 60, maji ya Mto Zigi yaleyale yanayoshuka kutoka Usambara. Watu wakazichangamkia mpaka zikanunuliwa zaidi ya zilizotakiwa, kisha zikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Shemeji akawa mmoja wao. Tangu siku hiyo akipiga simu hasemi "hujambo". Anasema, "Mwekezaji hapa."

Huyo ndiye mtu ambaye mwaka 2006 nilibakiza kidogo kwenye mahari ya dada yake, na kidogo hicho anakikumbuka kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Hebu tazama mambo: yeye aliyebaki kwenye joto anayakopesha maji na maji yanamlipa. Mimi niliyevuka bahari na kuja kukaa kwenye friza, naombwa nikope.

Tena mimi maji ninayaheshimu. Kijiji nilichozaliwa bomba tulilisoma kwenye somo la sayansi, maji yalikuwa kisimani na kisima kilikuwa bondeni. Ndiyo maana mpaka leo bafuni kwangu kuna ndoo saba za lita 20, zenye vifuniko, zimejaa, zimepangwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye beseni la kuogea. Juu ya ya kwanza kuna kata ya kifuu niliyoibeba kwenye begi kutoka nyumbani. Uwanja wa ndege waliigeuza mara nne wakidhani ni silaha. Ukitaka kwenda haja unapita kiubavu. Binti yangu aliniambia, "Baba, rafiki zangu wanauliza kama tunafuga samaki." Mji una maji saa 24, anasema, ndoo za nini? Nikamwambia mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akaniuliza ung'ongo ni nini. Hapo nikajua nimeshindwa kulea.

Basi majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, usiku wa baridi ile ambayo ukipiga chafya inagonga sakafu, bomba kuu la mtaa wetu likapasuka. Bomba la chuma cha kale, limezikwa zama ambazo Tanga bado ilikuwa ya Mjerumani. Ardhi ikiganda inavimba, chuma kile kimezeeka hakipindi, kinakatika kama muhogo. Maji yakapanda juu ya lami, yakaganda hapohapo, na gari la mzee jirani likaamka magurudumu yamo ndani ya barafu kama kijiti ndani ya lambalamba. Asubuhi unafungua bomba jikoni linakoroma tu. Tangazo likatoka: yakirudi, chemsheni kabla ya kunywa. Watu wakashika vichwa. Kwetu hilo si tangazo, ni malezi.

Kufika saa nne maji ya chupa dukani yameisha. Saa tano mlango wangu ukagongwa. Mzee jirani, mkononi birika la chai, anaangalia viatu vyake. "Nasikia," akasema, "wewe una... akiba."

Ndugu zangu, katika nchi hii nimekuwa mfagiaji, nimekuwa muosha vyombo, sasa nipo jikoni kwenye nyumba ya wazee, ninamenya viazi. Siku ile nilikuwa sultani. Walikuja na masufuria, na majagi, mmoja na chombo cha kumwagilia maua. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa bafu nikiwapimia kwa kata, kata tatu tatu, na mwenye mtoto mchanga namwongeza. Kisha nikatoa darasa. Watu sita, wawili wana shahada, wamesimama chooni kwangu nawafundisha kumwaga ndoo kwa mkupuo mmoja usiosita, maana ukisita umepoteza lita kumi na mzigo umebaki palepale. Binti yangu alikuwa nyuma ya wote, anapiga picha.

Turudi kwenye kura. Wiki moja kabla kulikuwa na kikao cha kuelezana, ukumbi wa shule, usiku, viti vya chuma vinavyofyonza joto la mtu mpaka uti wa mgongo. Injinia akaleta kipande cha bomba la zamani, kimekatwa kama boflo, kikapita mkono kwa mkono. Kwa nje kipana, ngumi inaingia. Ndani kutu imeota vinundu vinundu, imejaa mpaka tundu lililobaki linapitisha kidole gumba tu. Nilikishika nikasikia moyo unaniuma, maana daktari alinionyesha picha ya mshipa wangu na ilikuwa vilevile.

Halafu kuna mabomba madogo yanayoingia majumbani. Taifa limetoa agizo Oktoba 2024 kwamba mabomba ya madini ya risasi, yale yenye sumu, yaondolewe ndani ya miaka 10, na miji nayo ilitakiwa iwaandikie watu bomba lao ni la namna gani. Mimi barua yangu ilikuja Novemba: bomba lako halijulikani. Nimekaa nchi hii na karatasi zangu zote zimenyooka, kumbe aliyeishi humu bila kujulikana ni bomba.

Watu wakaanza kusema. Wa vilimani wakasema wao wana visima vyao, kwa nini walipie mfereji wa wenzao? Mama mmoja akasema bili yake ikipanda tena ataanza kuoga kwa mwezi kama kalenda. Mzee jirani akasimama taratibu akasema ana miaka 84, deni la miaka 30 halimtishi hata kidogo, na ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Mimi nina 52. Nilipiga hesabu kwenye kiganja: siku deni likiisha nitakuwa na 82, yaani nitakuwa nimekaa na hili bomba kuliko nilivyokaa na mama yangu mzazi. Nikainua mkono nikauliza nani ananunua hizo karatasi. Wakasema jimbo lina chombo chake maalumu, kinakusanya madeni ya miji midogo na kuyauza kwa wawekezaji kwa pamoja. Nikawaelewa, ni kama vicoba, ila kikapu kinaendea Wall Street. Na mwekezaji, wakaongeza kwa furaha, riba yake kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya taifa. Nikakaa. Mimi kodi nilikuwa nakatwa mpaka kwenye saa za ziada za kumenya viazi, anayenikopesha anasamehewa. Hata shemeji hajafikia ukatili huo.

Siku ikafika, Jumanne ya kwanza ya Machi, tarehe 4 mwaka 2025. Mwezi mtukufu ulikuwa umeandama siku tatu tu nyuma. Kwa desturi ya hapa mkutano wa mji unaambatana na chakula, kila nyumba inaleta chungu chake, na meza ya vitumbua vyao vya tufaha iliwekwa mlango uleule wa kupigia kura. Nimevaa suti. Wenzangu wote wamevaa mabuti yenye matope mpaka magotini, maana theluji ilikuwa inayeyuka. Mama mmoja ananisukumia sahani, namwambia nimefunga. "Hata maji?" Hata maji. Akaniangalia kwa huruma, akadhani ni mgomo wa kupinga hatifungani.

Nikaingia kwenye kibanda. Karatasi, kalamu, viduara viwili. Koo limekauka kama gome la mbuyu, na naulizwa habari za maji. Nikawaza bili. Nikawaza miaka 82. Kisha, nitawaambia ukweli kwa kuwa nilikula kiapo, nikawaza kigoda changu. Bomba jipya likija, nani tena atagonga mlango wangu na birika? Usultani wangu utaishia pale litakapofungwa koki ya mwisho. Kalamu ikaanza kusogea yenyewe kuelekea kwenye Hapana.

Kibanda cha pili mtu akakohoa.

Kura ni siri, hata Australia. Lakini kikohozi cha mwanamke anayepita kiubavu kwenye ndoo saba kila alfajiri kinavuka ubao wowote. Nikapaka wino kwenye Ndiyo, nikapaka vizuri, kuzunguka mpaka kingo.

Tukafuturu, matokeo yakaja: imepita, kwa kura chache. Saa mbili na nusu usiku simu ikalia. Tanga ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, mwekezaji anakula daku.

"Nasikia na nyie mmetoa."

Nikasema tumetoa.

"Miaka mingapi?"

"Thelathini."

Nikasikia kijiko kinawekwa chini. "Riba?"

"Ndogo. Kwako wewe ni kichekesho."

"Inalipwa kwa shilingi au dola?"

"Dola."

Akanyamaza. Nyuma yake muadhini anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Kisha akasema, kwa upole ambao sijausikia tangu anipe dada yake, "Hebu niulizie hapo mjini, shemeji. Mtu wa Tanga anaruhusiwa kununua?"

Nikamwambia mtandao unakatakata, simsikii vizuri. "Na ile ya mahari," akapaza sauti, "usije ukaichanganya humo!" Nikakata, nikaenda bafuni kujaza ndoo ya nane.