Mpelelezi Kashuka Tabora, Mama wa Marehemu Hakuulizwa Kitu

Nilianza kukisoma Ijumaa baada ya Isha, nikakimaliza jana saa nane usiku, na hadi adhana ya Alfajiri nilikuwa macho kwa hasira. Ni riwaya ya upelelezi, imewekwa hapa hapa kwetu Tabora. Jina lake sitalitaja. Mwandishi ni kijana, kalamu anayo, na natamani aandike nyingine. Lakini hii ya sasa imeniuma na lazima niseme.

Mpelelezi anashuka stesheni na begi moja. Katumwa kutoka Dar kufufua jalada la msichana aliyeuawa Ng'ambo miaka 22 iliyopita. Anaingia stoo ya kituo, anakuta panga limefungwa kwenye kiroba, damu imekaukia kwenye mpini. Panga linakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yanarudi, muuaji anatiwa pingu mbele ya duka lake. Siku 4 tu, kesi imekwisha. Mama wa marehemu anatokea mara 2: ukurasa wa 41 analia, ukurasa wa mwisho anashukuru.

Madogo nayapita. Ile mvua ya Julai inayofuta nyayo kule Kiloleni, kwa mfano: Julai kwetu ni vumbi na baridi ya asubuhi, mvua tunaitazamia Novemba. Na kwa shingo upande nakubali kwamba sura ya treni ni nzuri mno. Madumu ya asali chini ya viti, watoto wamelala juu ya mizigo, abiria wa Mpanda wanateremsha magunia gizani ili waunganishe safari. Nilipofika hapo nikasema huyu kijana kakaa kwenye behewa kweli.

Ndiyo maana lile panga limenikera zaidi. Mtu anayeijua treni yetu hivyo, vipi asitujue sisi?

Huko Marekani, jimbo la California, Aprili 2018 walimkamata mzee mmoja, askari polisi wa zamani, kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Vinasaba ndivyo vilivyomfichua, hilo ni kweli. Lakini viliweza kwa sababu vielelezo vilitunzwa miaka yote hiyo, na kwa sababu ndugu zake wa mbali walikuwa wamepeleka vinasaba vyao kwenye hifadhi ya kutafutia koo zao. Sisi sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009, na maabara ipo. Ila kijijini kwetu, asubuhi ya tukio, nyumba ilikuwa imeshafagiliwa na majirani wenye huruma kabla gari la polisi halijafika. Nguo zilizikwa naye. Panga, kama lilikuwa panga, lilioshwa na kurudi shambani, na msimu ule likafyeka tumbaku kama mapanga mengine.

Nazungumzia nyumba ya bibi yangu mdogo, mdogo wake bibi mzaa mama. Nilikuwa darasa la tano. Aliuawa usiku, na sababu yake kila msomaji wa kanda hii ameshaijua kabla sijaiandika: alikuwa mzee, alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa mekundu, basi wakamwita mchawi. Miaka hamsini ya kupuliza kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yangekuwa ya rangi gani? Mtoto wa jirani alikuwa amefariki kwa homa mwezi uliotangulia. Basi.

Polisi walikuja, wakaandika maelezo. Kila aliyeulizwa alijibu kwamba ilikuwa usiku. Jalada likafunguliwa, likakaa. Kila mama alipofuatilia kituoni aliambiwa upelelezi bado haujakamilika, mpaka askari waliomfahamu kwa sura wakahamishwa na wakaja wengine wasiomjua.

Na yule ambaye kijiji kizima kilimtaja kwa kunong'ona, huyo ndiye aliyeshika jembe la kwanza kuchimba kaburi. Mama alimmiminia maji ya kunawa mikono. Mpaka leo tukienda huko anatusalimia mnadani. Anauliza habari za shule za watoto wangu, nami najibu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kijana wetu, na ningependa anisikilize. Anadhani fumbo la jalada la zamani ni nani kaua. Kwetu hilo mara nyingi linajulikana kabla matanga hayajaanuliwa. Fumbo ni nani atasema, na kwa nini aseme leo wakati miaka yote alinyamaza. Riwaya nzima imo humo! Miaka 22 inaozesha ushahidi wa kitambaa na damu, lakini inabadilisha watu. Mke aliyeapa kwamba mumewe alilala nyumbani usiku ule, leo ameachwa na kafukuzwa bila hata sufuria. Ndugu wawili waliofichiana siri wanagombea shamba la baba. Mtu kaokoka, au karudi kutoka Hija, na jambo lile linamkaba kooni kila akiinama kusali. Mwingine yuko kitandani, anajua hatoki. Mpelelezi anayefungua jalada la zamani na ana akili, hao ndio anaowatafuta. Anauliza nani kagombana na nani tangu siku ile.

Mimi niliwahi kumsikia mtu wa namna hiyo. Harusi ya binamu yangu, wanawake wapo uani wanachambua mchele, nami nimeingia kuchukua maji. Mama mmoja jirani wa zamani, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo, akamwambia mama yangu: "Dada, siku ile mimi nilisikia sauti. Na niliitambua." Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Mama hakulia. Akauliza, "Sasa unaniambia ili iweje?" Wakaendelea kuchambua, na ule mchele ulichambuliwa siku hiyo mpaka haukubaki na chuya hata moja.

Baadaye nilimfuata yule mama, nikamsihi twende kituoni. Nikamwambia kosa la mauaji halina ukomo wa muda, anaweza kusema hata leo. Akanisikiliza kwa upole. "Mwanangu, kisima ni kimoja. Nikishasema, nitachota wapi?" Nikamwambia kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ya mwaka 2015. Akataka kujua kama hiyo sheria italala nyumbani kwake. Sikuwa na jibu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Na wakimnyonga? Wajukuu zake wanacheza na wajukuu zangu." Adhabu ya mauaji kwetu imebaki kunyongwa. Ni kweli hakuna aliyenyongwa tangu 1994, lakini nenda kamweleze hivyo mwanamke anayejua kwamba hukumu ikisomwa, sauti yake ndiyo itakayotajwa.

Nilikasirika naye wakati ule. Siku hizi hasira imebaki kwa waliomwacha peke yake na uamuzi mzito namna hiyo.

Sasa mwandishi kijana, huyu mama hayumo kwenye kitabu chako. Kisima hakimo. Muuaji wako ana duka na gari jeupe, na hana mjukuu hata mmoja. Umempa mpelelezi panga ili asihitaji kumbembeleza mtu yeyote aseme, na ulipofanya hivyo umetufuta sote tulioishi na ukimya ule. Mkalishe uani. Mpe ungo. Akae wiki tatu kabla mtu hajamwambia neno la maana, na msomaji akae naye, nakuhakikishia hatafunga kitabu.

Leo asubuhi mama alikiona mezani, akauliza kinahusu nini. Nikamweleza: jalada la zamani la mauaji limefunguliwa upya. Akavuta kiti, akakaa. Macho yake siku hizi hayasomi herufi ndogo, akaniomba nimsomee sehemu za mama wa marehemu. Nikafungua ukurasa wa 41, nikasoma. Nikafungua wa mwisho, nikasoma. Chai ilikuwa bado haijachemka.

"Basi?" akauliza.

Nikamwambia basi.