Vitabu vya maarifa shuleni: tufuate namba za Dewey au maswali ya watoto?

Mtoto wa darasa la pili akitafuta kitabu cha wanyama, hajali kama mnyama anafugwa au anaishi porini. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, unajali. Melvil Dewey aliuchapisha Marekani mwaka 1876, ukigawa maarifa katika makundi makuu 10. Humo simba yuko 599 na mamalia wenzake, chini ya sayansi, ilhali mbuzi na paka wako 636, kwenye ufugaji, chini ya teknolojia. Ngano za Sungura na Fisi nazo ziko 398.2, ndani ya sayansi ya jamii! Mtafiti ataiona mantiki. Mtoto ambaye hajafundishwa desimali hawezi hata kuisoma 636.8.

Ndiyo maana baadhi ya shule zimeuacha. Wakutubi wa shule ya Ethical Culture Fieldston, New York, walianzisha mfumo wao wa Metis mwaka 2011, unaopanga vitabu kwa mada zenye majina ya kawaida.

Watetezi wa Dewey husema mtoto azoee namba mapema. Hoja hiyo siioni nzito. Hata darasa la sita hajachelewa. Iliyo nzito ni hii: mwalimu wa maktaba akihamishwa, mpangilio aliobuni kichwani huondoka naye. Anayempokea hajui kwa nini kitabu cha sumu ya nyoka kiko Afya na si Wanyama. Dewey imeandikwa, kwa hiyo yeyote aliyejifunza anaendelea pale mwenzake alipoishia.

Lakini namba zenyewe hazikugawiwa kwa haki. Ukristo umepewa 220 hadi 280, Uislamu wote umebanwa 297. Kwa shule ya Unguja au Mombasa, rafu moja itafurika huku nyingine zikikaa karibu tupu.

Kwa madarasa ya chini, napendelea rafu za mada zenye picha: Wanyama, Mwili Wetu, Vyombo vya Usafiri, Nchi na Watu. Namba ibaki mgongoni mwa kitabu. Muhimu zaidi, daftari la maktaba lieleze kila mada inabeba vitabu gani, na kitabu chenye mada mbili kinakaa wapi, ili mwalimu mgeni alikute. Kuanzia darasa la nne, watoto waonyeshwe namba hizo kwenye vitabu walivyokwisha kuvizoea.