Mwacheni Binti Asome Nyota, na Mpeni Waya

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hapa Arusha mazungumzo huwa ni yale yale. Binti amefaulu fizikia na hesabu, ndugu wamefurahi, na kabla hajafungua mdomo ameshapangiwa: udaktari, ikishindikana ufamasia, ikishindikana uhasibu. Akisema anataka kusomea nyota, yaani sayansi ya anga, anaulizwa swali moja tu: "Utakula nini?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia na swali hilo silidharau. Mzazi aliyeuza kahawa na ndizi kumsomesha mwanawe ana haki ya kuliuliza. Ninachokataa ni kuliuliza kwa nia ya kumnyamazisha mtoto, kwa sababu jibu lipo. Kwangu mimi jibu zuri kuliko yote ni maisha ya Jocelyn Bell Burnell, mwanamke aliyezigundua palsa, nyota zinazotutumia mapigo ya redio.

Alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943. Mtihani wa kuingia sekondari, ambao kwao ulikuwa mzito kama darasa la saba lilivyo kwetu, aliufeli. Shuleni kwao Lurgan, kipindi cha sayansi kilipofika wavulana walipelekwa maabara na wasichana wakapelekwa kujifunza mapishi. Wazazi wake hawakukaa kimya. Wao na wenzao walikwenda shuleni kulalamika mpaka wasichana wakaruhusiwa kuingia maabara. Kila nikisoma habari zake natua hapo, kwa sababu bila wazazi wale huenda fizikia ingempoteza akiwa bado mtoto.

Alimaliza shahada ya fizikia Glasgow mwaka 1965, mwanamke pekee katika darasa la watu wapatao 50, ambako wavulana walimpigia miluzi na kugonga meza kila alipoingia ukumbini. Kisha akaenda Cambridge kusomea shahada ya uzamivu chini ya Antony Hewish. Wengi wetu tunadhani msomi wa nyota ni mtu anayeketi usiku akichungulia kwenye darubini. Jocelyn Bell miaka yake miwili ya kwanza aliitumia shambani. Yeye na wenzake wachache walisimika nguzo zaidi ya 1,000 kwenye eneo la zaidi ya ekari 4, wakafunga waya na kebo zenye urefu wa karibu kilomita 190. Amewahi kusimulia kwamba alipoondoka Cambridge alikuwa hodari wa kupiga nyundo kubwa. Zile nguzo na waya ndizo zilikuwa darubini yenyewe, darubini ya redio.

Ilianza kazi Julai 1967, na kuisoma ilikuwa zamu yake. Kalamu ilichora mawimbi yaliyotoka angani kwenye karatasi, mita 30 kila siku, naye akazipitia kwa macho bila kompyuta, akitafuta kwaza, viini angavu vya galaksi za mbali sana, na kuzitenganisha na kelele za mitambo ya watu. Mwezi Agosti akaona kialama cha nusu sentimita hivi ambacho hakikufanana na kwaza wala na kelele. Mtu mwingine angekiruka. Yeye akakumbuka kwamba alishakiona kabla, upande ule ule wa anga, akarudi kwenye makaratasi ya nyuma kukitafuta. Kikawa kinarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ndio mwendo wa nyota. Kelele za binadamu hufuata saa 24 za ratiba yake.

Tarehe 28 Novemba, kwa kuiendesha karatasi kasi zaidi, kile kialama kikafunguka. Yalikuwa mapigo yaliyopangika sawasawa, moja kila sekunde 1.33. Hewish alipoambiwa alisema lazima kitakuwa kimetengenezwa na watu, maana hakuna nyota iliyojulikana kupiga haraka namna hiyo. Wakakipachika jina la utani la watu wadogo wa kijani, kwamba pengine kuna viumbe wanatuita kutoka mbali. Usiku wa tarehe 21 Desemba Bell akapata mapigo mengine upande tofauti kabisa wa anga, ya sekunde 1.2 hivi. Habari ya viumbe ikaishia hapo, kwa kuwa isingewezekana makundi mawili yaliyo mbali kiasi hicho yatuite kwa mtindo mmoja na kwa wakati mmoja. Makala yao ilichapishwa katika jarida la Nature Februari 1968.

Walichokipata ni nyota za nyutroni. Walter Baade na Fritz Zwicky walishapendekeza mwaka 1934 kwamba nyota kubwa ikilipuka, kiini chake hujikandamiza mpaka protoni na elektroni zinageuka kuwa nyutroni. Hubaki tufe lenye uzito unaozidi wa jua letu, lakini kipenyo chake ni kilomita 20 hivi, kama kutoka Arusha mjini hadi Usa River. Tufe hilo huzunguka kwa kasi na kurusha miali ya redio kutoka kwenye ncha zake za sumaku, na kila mwali ukipita upande wetu tunapata pigo moja.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 walipewa Hewish na Martin Ryle, mkuu wa kundi lao la Cambridge. Bell mwenyewe hakuilalamikia. Mimi naiona dhuluma na nitaendelea kuwaambia wanafunzi wangu hivyo.

Sasa nirudi kwenye suala la kula. Aliolewa mwaka 1968, akawa anahama kumfuata mumewe kikazi, akalea mtoto, na kwa miaka mingi alifanya kazi za muda mfupi mfupi. Kila alikohamia alijifunza kitu kipya: miali ya gama Southampton, eksirei karibu na London, kisha darubini za Edinburgh. Mwaka 1991 akawa profesa wa Open University, chuo kinachofundisha watu wazima walio kazini kama kinavyofanya Chuo Kikuu Huria chetu. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote zisomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yanayoachwa nyuma, wakiwemo wanawake na wakimbizi. Maisha hayakuwa mepesi, na mzazi nisingemdanganya. Lakini anayejua antena, takwimu na kuandika programu za kompyuta hana njia moja tu ya riziki. Kampuni za simu zinamtaka, benki zinamtaka, hali ya hewa wanamtaka.

Na tusiseme haya ni mambo ya Wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ni setilaiti hiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 na Hercules X-1 zinatoa mapigo ya eksirei, nyota za nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota wenza wao. Sijakutana na mwanafunzi wa kidato cha sita anayeijua habari hii, na inaniuma.

Anga yetu nayo ni tajiri. Palsa ya Vela, inayozunguka mara 11 kwa sekunde, iko kusini mno na Cambridge haichomozi kamwe. Hapa Arusha inapanda vizuri, na ile ya kwanza ya Bell inapita pia. Lakini nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio wa SKA ni pamoja na jirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji, na sisi hatumo. Ghana walichukua antena ya zamani ya mawasiliano ya simu kule Kuntunse, yenye upana wa mita 32, wakaigeuza kuwa darubini. Ndiyo akili ninayoitamani kwetu.

Tusisubiri serikali, tuanze na kidogo. Palsa zinahitaji antena kubwa, lakini sayari ya Mshtarii hutoa milipuko ya redio kwenye megahazi 20 hivi, na inapokelewa kwa waya wa mita 7 uliotundikwa kwenye nguzo, pamoja na kipokezi cha bei ndogo. Mawingu hayazuii redio, kwa hiyo hata Juni na Julai, Mlima Meru ukiwa umejifunika wiki nzima, kazi inaendelea. Nimependekeza shuleni kwetu kwamba wanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) washirikiane na wanafunzi wa umeme wa chuo cha ufundi cha VETA, wachimbe mashimo wenyewe, waunge waya wenyewe, kisha wapeane zamu za kuisoma. Wasichana washike nyundo sawa na wavulana. Nguzo nne tunazo tayari, ninachotafuta sasa ni wazazi wa kuja Jumamosi kusaidia kuzisimika.