Nimeondoka, Hakuniita

Ujinga wa kununua nilitolewa Kariakoo. Kule kanuni ni moja: ukitajiwa bei, taja nusu, kunja uso kama umetukanwa, kisha ondoka. Hatua saba hazijaisha utasikia nyuma yako, "Bosi! Njoo bwana, lete hiyo hela yako." Nimevaa, nimekula na nimepamba nyumba kwa hatua saba hizo.

Basi nimekuja Tanga kwenye harusi ya mpwa wangu, na mama watoto akaniagiza mbuzi. Si wa kuchinja, mbuzi ya kukunia nazi. Anadai za Dar siku hizi miguu inacheza, ukikalia unakuna nazi huku unasali.

Safari yenyewe ilianza na nuksi. Nauli ya basi haina maelewano, wadhibiti wa usafiri LATRA wameshapanga, kwa hiyo hamu yangu yote ya kubishana ikabaki tumboni mpaka Muheza. Pale wauza machungwa wakatuzonga madirishani. Mfuko elfu tatu. Nikasema mbili. Kijana akashuka mbili na nusu. Mtu mzima mie nikakaza shingo kwa ajili ya jero, basi likang'oka. Jirani yangu, aliyelipa elfu tatu bila hata kuuliza, alimenya machungwa yake taratibu mpaka tunaingia stendi ya Kange, na hakunipa hata kipande.

Hilo nikalisamehe. Kesho yake nikaenda Soko la Mgandini.

Mbuzi zilikuwa nje ya kibanda cha mzee mmoja, kofia ya kiua kichwani, kahawa mkononi. Hapo ndipo nilipokosea, nilimwamkia shikamoo. Ndugu zangu, ukishampa mtu shikamoo, naye akaitikia "Marahaba mwanangu, watoka wapi, hawajambo huko nyumbani?", bei utaipunguza kwa mdomo upi?

Akanivutia kigoda. Nikakataa. Najua kigoda kile, ukikikalia umeshanunua.

"Mbuzi bei gani, mzee wangu?"

"Elfu kumi na tano."

"Nina saba."

Kariakoo hapo ningeshaitwa majina. Mzee akatabasamu, akaigeuza mbuzi miguu juu, akanionyesha viungo. Hamna msumari hata mmoja, mbao imeingia ndani ya mbao. Akapitisha kidole kwenye meno ya chuma, akanipa nami nipitishe. Yanauma kweli.

"Hii mwanangu, mkeo ataikalia mpaka amkalishe mkwewe. Kwa saba hainilipi."

Nikakunja uso. Nikaondoka.

Hatua ya kwanza, kimya. Ya tatu, kimya. Ya tano nikapunguza mwendo, labda miguu yake mizito na sauti haifiki. Ya saba nikainama kufunga kamba za viatu, na nimevaa kandambili. Ndipo nikamsikia:

"Haya mwanangu, Mungu akujaalie, wasalimie huko."

Kanitakia heri! Nani kafundisha watu biashara hii? Mtu akiniita mwizi, bahili, mswahili wa mjini, najua pa kushika. Huyu kanisindikiza kwa dua, nitamrudishia nini?

Nikazunguka soko. Nikapita kwenye nazi, kwenye dagaa, kwenye ukili, nikatokea tena mbele yake kama mtu aliyepotea njia. Akanisalimu upya, kwa furaha, kama vile hatujawahi kuonana. Nikapita. Mzunguko wa pili akaniuliza kama nimepata nilichotafuta. Wa tatu jua lilikuwa utosini, akamwita muuza kahawa, "Mpe mgeni wangu na kashata, jua kali hili."

Nikakaa kwenye kigoda.

Wenyewe husema Tanga waja leo, waondoka leo. Mimi niliingia siku ya pili kwa ajili ya mbuzi, na kitanda cha gesti hakikupungua hata mia. Na nilikuwa nimeshakula kashata ya mtu. Nikahesabu elfu kumi na tano, kamili, bila kusema neno, nikazitoa kwa mikono miwili kabisa kama natoa mahari.

Mzee akaifunga mbuzi kwa kamba ya katani, akanitengenezea na kishikio. Bure hicho, kasema mwenyewe.

Sijafika mlangoni mwa soko, simu. Mama watoto.

"Umeipata?"

"Nimeipata. Miguu imara, haina msumari."

"Shilingi ngapi?"

Sasa mimi niseme nini? Miaka yote namcheka akinunua vitu bei ya kutajiwa. Jina langu pale nyumbani limejengwa kwa hatua saba.

"Alianza kumi na tano," nikamwambia. "Nikamkazia, nikaondoka. Kaniita mwenyewe. Kumi."

"Elfu kumi tu? Mbuzi isiyo na msumari?" Nikasikia anaongea na mtu pembeni. "Baba Asha, hebu rudi basi uchukue nyingine mbili, ya mama na ya dada Zuhura. Nakutumia elfu ishirini sasa hivi."

Ujumbe wa pesa uliingia kabla sijapata uongo wa pili. Nikageuka. Kwa mbali nikamwona mzee kashaniona, anafuta kigoda kwa kanzu.