Ngozi ya Mama kwa Mtoto Aliyeungua: Je, Tuizime Mbiu ya Kinga?

Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto Ngamiani au Makorora, mitaa ya Tanga, jiko la mkaa likiwa sakafuni, mama hufika wodini na ombi moja: "Daktari, nikateni mimi, mumwekee mwanangu." Huambiwa kwamba mwili wa mtoto utaikataa ngozi hiyo. Lakini anajua kuna watu wanaoishi na figo za ndugu zao kwa msaada wa dawa. Kwa nini basi mtoto asipewe dawa hizo? Swali ni la haki, na watu wa Tanga wanastahili jibu refu kuliko "haiwezekani".

Katika ripoti yao ya mwaka 1943, kutoka Glasgow, daktari wa upasuaji Thomas Gibson na mwanasayansi Peter Medawar walieleza habari za mwanamke aliyeungua ambaye alipandikizwa vipande vya ngozi ya kaka yake. Vya kwanza vilishika, kisha vikafa. Vya pili, vya kaka yuleyule, viliharibika upesi zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Ngozi imejaa seli za ulinzi ziitwazo Langerhans. Zikihama kutoka kwenye kipande kilichopandikizwa hadi kwenye tezi za limfu, huko seli T za mpokeaji, askari wa kinga yake, huzitambua kuwa ngeni. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu yenyewe ni saitokini, protini ndogo ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo. Interlukini-2 huzifanya seli T zizaliane kwa wingi. Intaferoni gama huzidisha alama za ugeni juu ya seli za kipande kile, ili zionekane wazi zaidi. Mishipa midogo ya damu huziba, na ngozi iliyoanza kupata rangi ya uhai hugeuka nyeusi, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi.

Wanaotaka mbiu izimwe wana hoja nzito. Siklosporini na takrolimasi, dawa za kushusha kinga, huzuia seli T zisitengeneze interlukini-2, na dawa za aina hiyo ndizo zilizowezesha upandikizaji wa mkono mwaka 1998 na wa sehemu ya uso mwaka 2005, yote nchini Ufaransa, ngozi ikiwemo.

Hata hivyo, saitokini hizi hazina kazi moja. Panya waliozaliwa bila interlukini-2 hawawi watulivu. Kinga yao hushambulia mwili wao wenyewe, maana seli T zinazotuliza wenzao nazo huishi kwa interlukini-2 hiyohiyo. Panya wasio na intaferoni gama bado hukataa ngozi ngeni, na katika baadhi ya majaribio ukosefu wake ulizuia ngozi hiyo isikubalike kwa muda mrefu. Na mtoto aliyeungua amepoteza ukuta wake dhidi ya vijidudu. Kumshusha kinga wakati huo ni kumkabidhi kwa maambukizi, ambayo huua wengi walioungua vibaya.

Kwa hiyo nasimama na madaktari wanaochuna ngozi nyembamba pajani kwa mtoto mwenyewe, sehemu ambayo hupona yenyewe. Mwenye figo zilizokufa ana sababu ya kubeba hatari ya dawa maisha yote. Mwenye kidonda kinachoweza kufunikwa kwa ngozi yake hana. Lakini sikubaliani na wanaoona ngozi ya mtu mwingine haina faida. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, asiye na ngozi ya kutosha, huifaidi kama kifuniko cha muda: huzuia maji yasipotee na vijidudu visiingie, hadi yake ipatikane. Hapo kukataliwa kunatarajiwa, na kazi huwa imekwisha kufanyika.

Watafiti sasa wanajaribu interlukini-2 kwa dozi ndogo, ili ziongezeke zile seli zinazotuliza. Natamani sana wafaulu. Ila seli zinazoshambulia nazo huipokea, na dozi inayotuliza haiko mbali na inayoamsha. Mpaka mstari huo ujulikane vizuri, nisingetaka mtoto mwenye vidonda vya moto awe miongoni mwa wa kwanza kujaribiwa.